Mizani na Haki ya Mwenye Mzigo

Watu wa pwani tumerithi vipimo vya namna mbili. Vipo kibaba na pishi, ambavyo hupima ujazo: mchele ukijaa kibaba umejaa, na jicho la mtoto mdogo laweza kushuhudia. Na zipo wakia, ratili na frasila, ambazo hupima uzito. Karafuu za Unguja na Pemba ziliuzwa kwa frasila miaka mingi, na frasila moja ni ratili 35, karibu kilo 16. Tofauti ya namna hizi mbili si ndogo. Ujazo huonekana, uzito hauonekani. Mtu aweza kulitazama gunia kutwa nzima asijue lina kilo ngapi. Hana budi kukiamini chombo kilichowekwa baina yake na mwenziwe. Basi hapo katika chombo ndipo palipoingia dhuluma tangu kale, hata watu wa Madyan wakapelekewa Nabii Shuaib kuwaonya, na hata ikawako katika Qurani Tukufu sura nzima, ya 83, iliyoitwa kwa jina la wapunjaji.

Makala haya yataka kueleza uzito wenyewe ni kitu gani, na akina nani walioutafuta mpaka wakaufahamu. Kisha yatamchukua msomaji bara, hadi Musoma na nchi ya Ziwa Victoria, ambako jambo hili la mizani lilipata kugeuza taarikhi ya watu.

Tuanze na asili ya jambo. Aghalabu twasema jiwe ni zito, kana kwamba uzito ni mali ya jiwe peke yake kama ilivyo rangi yake. Sivyo. Uzito ni mvutano baina ya vitu viwili, jiwe na ardhi. Ardhi hulivuta jiwe, na jiwe nalo huivuta ardhi, kwa nguvu ile ile bila kupungua. Hili la pili wengi hulisahau. Mtu wa kilo 70 anaposimama uwanjani kwake, ardhi humvuta kwa nguvu ya kilo 70, naye huivuta ardhi yote, pamoja na milima yake na bahari zake, kwa nguvu hiyo hiyo ya kilo 70. Akiruka juu, ardhi nayo husogea kumwelekea. Lakini kwa kuwa kilo za ardhi ni tarakimu ya 6 ikifuatwa na sifuri 24, kusogea kwake hakuna chombo kiwezacho kukuona. Hata watu wawili waliokaa kwenye jamvi moja huvutana. Wakiwa na kilo 70 kila mmoja, na baina yao mita moja, mvutano wao haufiki uzito wa punje ya chumvi. Ndiyo sababu hatuuhisi, na ndiyo sababu wanadamu walikaa maelfu ya miaka wasiujue.

Ushahidi wa mvutano wa ardhi uko mikononi mwa kila fundi mwashi. Timazi anayoiangusha ukutani huelekea kwenye kitovu cha ardhi. Fundi wa Mombasa na fundi wa Musoma wakiangusha timazi zao saa moja, kila mmoja atasema ukuta wake umesimama wima, naye atasema kweli. Lakini nyuzi zao mbili si sambamba, zimeachana kwa digrii sita na kitu, kwa kuwa ardhi ni mviringo na kila mmoja huvutwa kuelekea kitovu kutoka pale aliposimama.

Jambo hili maulamaa wa Kiislamu walilishughulikia mapema. Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarazm mwaka 973, aliandika kwamba vitu vizito kwa pande zote za ardhi huelekea kwenye kitovu chake, kwa hiyo walioko upande wa pili hawaanguki wala hawana pa kuangukia. Yeye huyu alipanda kilima karibu na ngome ya Nandana, katika Punjab, akaupima upeo wa macho, na kwa hesabu akapata ukubwa wa dunia. Pia alipima uzito wa madini na vito kwa kuvilinganisha na maji.

Baada yake alikuja mtu ambaye jina lake halijulikani sana kwetu, nalo lilistahili kujulikana katika kila duka lenye mizani. Abdur-Rahman al-Khazini alikuwa mtumwa wa asili ya Kirumi, yaani Myunani, katika mji wa Marw huko Khurasan. Bwana wake alikuwa mtunza hazina, na kwa cheo hicho ndipo lilipotoka jina la al-Khazini. Alisomeshwa, akaachwa huru, akawa mwanachuoni wa hesabu na nyota. Mwaka 515 wa Hijria, yaani 1121, alimaliza kitabu alichokiita Mizani ya Hikima. Humo ameeleza mizani yenye vitanga vitano, iliyopima kitu hewani kwanza, kisha ndani ya maji. Faida yake ni hii: dhahabu safi ikitiwa majini hupunguka kama sehemu moja kwa kumi na tisa ya uzito wake, na fedha hupunguka kama moja kwa kumi na nusu. Basi sonara aliyechanganya fedha ndani ya dhahabu alikamatwa pasipo kuivunja pete wala kuiyeyusha. Wachimbaji wadogo wa Buhemba, huko Butiama, wanapoosha mchanga katika karai hutumia hoja hiyo hiyo: dhahabu hukaa chini na mchanga huchukuliwa na maji, kwa kuwa ardhi huivuta dhahabu zaidi ya inavyouvuta mchanga wa ujazo ule ule.

Al-Khazini alisema jambo jingine kubwa zaidi. Alisema uzito wa kitu hubadilika kwa kadiri ya umbali wake na kitovu. Hapa yafaa tuwe waangalifu. Wako ndugu zetu wapendao kudai kwamba kila elimu ya leo ilikwisha kusemwa yote na wazee wetu, na wakisoma maneno haya watasema al-Khazini alimtangulia Newton. Al-Khazini alidhani uzito huongezeka kadiri kitu kinavyokwenda mbali na kitovu, nasi leo twajua kwamba juu ya uso wa ardhi hupungua. Heshima yake haihitaji chumvi. Wazo lenyewe, kwamba uzito hutegemea mahala kitu kilipo, lilikuwa jipya na la ushujaa, na lilingoja miaka mia tano na zaidi kupata mizani ya kulithibitisha. Husimuliwa pia kwamba Sultani Sanjar alimpelekea dinari elfu, naye akazirudisha, akisema kwamba kwa mwaka zamtosha dinari tatu, na kwamba nyumbani mwake hamna ila yeye na paka. Mtengeneza mizani asiyenunulika: sijui kama yuko mwingine katika taarikhi aliyestahili zaidi kazi yake.

Uthibitisho ulikuja kwa saa. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alikwenda Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na Ikweta, akiwa na saa yenye pendulamu, yaani kile kitufe kinachoning'inia na kubembea kama katika saa zetu za ukutani za zamani. Saa iliyokwenda sawa Paris ilichelewa huko dakika mbili na nusu kila siku. Kitufe kilibembea polepole zaidi kwa kuwa ardhi ilikivuta kidogo zaidi. Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alieleza sababu: ardhi huzunguka, na kwa kuzunguka imetuna katikati, kwa hiyo mtu wa Ikweta yuko mbali zaidi na kitovu kuliko mtu wa Paris, tena mzunguko wenyewe hupunguza kidogo uzito wake. Mwaka 1798 Henry Cavendish, huko London, alining'iniza vitufe vidogo karibu na matufe makubwa ya risasi, akaupima mvutano wao mdogo mno, na kwa hesabu akaipima dunia nzima: akakuta ni nzito karibu mara tano na nusu kuliko maji ya ujazo huo huo.

Afrika ya Mashariki ilipimwa baadaye. Katika miaka ya 1899 na 1900 Wajerumani wawili, Kohlschütter na Glauning, walizunguka katika koloni lao na pendulamu, wakipima mvutano kituo baada ya kituo. Kisha, katika miaka ya 1933 na 1934, akaja Mwingereza Edward Bullard, naye akiwa na pendulamu zake, akisaidiwa na ishara za redio kusahihisha saa. Alikuta kwamba katika nyanda za juu za nchi zetu, na zaidi katika Bonde la Ufa, mvutano ni mdogo kuliko ilivyotazamiwa. Maana yake, chini ya nchi hizo pana mawe mepesi kuliko ya pengine. Sababu aliyoitoa ya kutokea kwa Bonde la Ufa wataalamu waliiacha baadaye, lakini vipimo vyake vilibaki na manufaa.

Sasa tuitazame Musoma. Mji huu uko digrii moja na nusu kusini ya Ikweta, kando ya ziwa ambalo uso wake uko kiasi cha mita 1,134 juu ya bahari. Uko karibu na tumbo la dunia, tena uko juu. Mizani ya springi iliyosahihishwa London, kama ingeletwa Musoma bila kusahihishwa tena, ingeuonyesha mzigo wa kilo 100 pungufu kwa gramu 350 hivi. Ikitoka Dar es Salaam, upungufu ungekuwa kama gramu 40. Mwenye kutaka kupungua mwili basi na aende Musoma. Mizani itamsifu, ila nguo zake zitambana vile vile. Lakini mizani ya kale ya vitanga viwili haina kosa hilo popote iwekwapo, kwa sababu ardhi huvuta kitanga cha mali na kitanga cha jiwe sawasawa. Upungufu wa mahala humpata mzigo na jiwe pamoja, na haki hubaki palepale.

Gramu 40 kwa kilo 100 ni hitilafu ya maumbile, nayo husahihishwa kwa kuirekebisha springi. Hitilafu ya binadamu ni kubwa zaidi, na katika Jimbo la Ziwa, ambalo Musoma ilikuwa ndani yake zama za Waingereza, ilikuwa maarufu. Zao la biashara lilikuwa pamba. Mkulima alilima, akapalilia, akachuma kwa vidole, akabeba mzigo kichwani au kwa baiskeli hadi kituo cha kununulia. Pale alikuta mizani ya mwenye jineri au wakala wake, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi, na karani aliyesoma tarakimu ambazo mkulima hakuweza kuzisoma. Njia za kupunja ni nyingi wala hazikuvumbuliwa huko: mshale usioanzia sifuri, mguu au kidole pasipostahili, ratili za mwisho zinazotupwa ati ni kurahisisha hesabu, na haraka ya makusudi. Ardhi iliuvuta mzigo wa mkulima kwa insafu kamili. Ulipotoka kwenye mizani ukawa umepungua.

Dawa waliyoipata wakulima yastaajabisha kwa wepesi wake. Hawakuvunja mizani wala kuchoma vituo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, hata kabla ya kuandikishwa kama ushirika, walichangishana fedha, wakaajiri wapimaji wao wenyewe, watu waliojua kusoma na kuhesabu, wakawaweka vituoni wasimame kando ya mizani ya mnunuzi na kuhakikisha kilo za kila mzigo. Mtu mmoja na macho mawili! Kwa kuwapo yeye tu, mzigo ulirudisha uzito wake.

Aliyesimama mbele katika harakati hiyo alikuwa Paul Bomani, mzaliwa wa Musoma wa mwaka 1925, aliyekuwa katibu wa chama cha wafanyabiashara Waafrika cha Mwanza. Alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima katika Chama cha Wakulima cha Jimbo la Ziwa, na kutoka hapo vikaandikishwa vyama vya msingi, kimoja baada ya kimoja, hata mwaka 1955 vikaungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, ushirika uliokuja kuhesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa katika Afrika. Ushirika huo ulinunua pamba, ukamiliki majineri, na watu waliojifunza humo kuendesha mikutano na kutunza daftari walikuwa mhimili wa TANU katika nchi ya Ziwa. Bomani mwenyewe baada ya uhuru akawa Waziri wa Fedha, kisha balozi huko Marekani. Alifariki mwaka 2005. Waandishi wa taarikhi wakitaja asili ya uhuru wa Tanganyika hutaja mikutano na hotuba. Mimi naona mpimaji yule wa kando ya mizani alistahili kutajwa kabla ya hotuba nyingi.

Lakini kisa hakiishi kwa furaha, na mwenye kusimulia hana ruhusa ya kupunja. Ushirika ulipokuwa mkubwa, mizani ikawa mikononi mwa makatibu wa vyama, wana wa nchi hiyo hiyo, wenye lugha moja na mkulima. Malalamiko yakarudi: uzito unapunguzwa, fedha zinaliwa, daftari hazisomeki. Mwaka 1966 serikali iliunda kamati maalumu kuchunguza vyama vya ushirika nchini, na haikukosa la kuliona. Ushirika mkuu wa Ziwa ukawekwa chini ya usimamizi wa serikali. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa nchi nzima, na mwaka 1982 sheria mpya ikavirudisha. Waliokuwa wakisema upunjaji ni tabia ya kabila fulani au wenye dini fulani walipata jawabu yao pale. Watu wa Madyan waliopelekewa Shuaib nao walikuwa jamaa zake.

Nchi ina Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, wenye kazi ya kukagua mizani za maduka na masoko. Sheria imekataza gunia la mazao kuzidi kilo 100, kwa ajili ya lile pigo la lumbesa, ambapo gunia hushonewa kilemba cha ziada juu na mkulima akalipwa bei ya gunia moja. Lumbesa ni werevu wa kinyume: kwa kuwa mizani imekuwa na mkaguzi, mnunuzi huikimbia mizani na kurudi kwenye ujazo. Nasi tulisema mwanzo kwamba ujazo huonekana kwa macho. Huonekana kweli, ila njaa humfanya mtu aone na anyamaze.

Na ziwa lenyewe ni mzigo. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800, kwa hiyo kila mita moja ya maji ni tani bilioni 68 na zaidi. Mto Mara huteremka kutoka nyanda za Mau, Kenya, ukaingia ziwani karibu na Musoma kwa kuvutwa na ardhi tu. Na kwa kuvutwa huko huko maji hutoka ziwani kwa mlango mmoja, Jinja, Uganda, yakaanza safari ya Mto Nile hadi Misri. Pale Jinja lilifunguliwa bwawa la umeme la Owen Falls mwaka 1954. Kulikuwako mapatano kwamba maji yatakayopitishwa yawe kiasi kile kile ambacho mto wenyewe ungetoa lau kama bwawa lisingekuwapo. Nayo ni mizani: upande mmoja mahitaji ya umeme, upande wa pili haki ya kila anayeishi ukingoni, mvuvi wa Musoma akiwamo.

Machi 2002 zilirushwa angani setilaiti mbili zilizoitwa GRACE, zikifuatana kwa umbali wa kilomita 220 hivi. Kazi yake ilikuwa kupima mvutano wa ardhi kutoka juu. Ya mbele ilipokaribia mahala pazito ilivutwa ikaharakisha, umbali ukaongezeka. Ya nyuma nayo ilipofika ikavutwa, umbali ukapungua. Na mabadiliko hayo yalipimwa kwa kiasi kilicho chini ya unene wa unywele. Basi zilipopita juu ya nchi ya Ziwa mwezi baada ya mwezi, zikahisi mzigo ukipungua. Baina ya mwaka 2003 na 2006 ziwa lilishuka sana, miamba ya ukingoni ikajitokeza na mitumbwi ikaegeshwa mbali na palipozoeleka. Mvua zilikuwa chache, ni kweli. Lakini wachunguzi waliolinganisha hesabu walikuta pia kwamba katika miaka ya 2004 na 2005 yalipitishwa Jinja maji mengi kuliko mapatano yalivyoruhusu, na kwamba sehemu kubwa ya kushuka huko ilitokana na hilo. Mvuvi aliyeona maji yakikimbia hakuwa na karani wala mpimaji wake pale bwawani.

Setilaiti hizo zilimaliza kazi mwaka 2017, na Mei 2018 zikarushwa nyingine mbili za aina hiyo. Mwezi wa Mei 2020, baada ya mvua nyingi, ziwa lilipanda hadi mita 13.42 katika kipimo cha Jinja, likaupita upeo wa mita 13.41 wa mwaka 1964, na maji yakaingia katika nyumba za watu wa ukingoni katika nchi zote tatu. Na mzigo huo nao ulihisiwa angani, ukizivuta setilaiti zile mpya kila zilipopita.